Takia la Fez hujazwa kichwa chini

Kaka yangu aliporudi kutoka Fez alinitolea sandukuni kitu mfano wa kofia kubwa iliyokaliwa: ngozi ya mbuzi, rangi ya chungwa, imekunjwa mara nne, inanuka. Karibu na Chouara, penye mabirika ya watengeneza ngozi wa mji ule, harufu hiyo ni ya kawaida, maana ngozi hulowekwa kwenye chokaa na kinyesi cha njiwa zilainike kabla ya kutiwa rangi. Matakia haya ya kukalia huuzwa hivyo hivyo, matupu, yaingie kwenye mzigo wa msafiri. Tumbo lake utalitafuta mwenyewe nyumbani.

Nililipima: upana sentimita 50, kimo 30. Ni karibu lita 59, ndoo tatu za lita 20. Hesabu hiyo ilinidanganya, maana ndoo tatu za kitu chochote kilicholegea, mtu akikikalia, hugeuka moja na nusu. Takia humbeba mtu kwa kuwa ngozi yake imevutika kama ya ngoma, na ngozi haivutiki mpaka cha ndani kiisukume pande zote.

Nilianza na sufi. Uzi wa sufi una uwazi ndani na nta kwa nje, ndiyo maana ni mwepesi, haunywi maji, na zamani ulijazwa kwenye majaketi ya kuokolea maisha baharini. Kwa mto wa kulalia sijaona mfano wake. Lakini kichwa ni kilo tano hivi, na mjomba wangu ni tisini. Baada ya wiki moja takia lilikuwa na shimo katikati kama kinu. Sufi ikishinikizwa hairudi yenyewe. Inataka kuanikwa na kuchambuliwa.

Mara ya pili nikatumia nguo kuukuu, jinzi na mashati mazito, sufi nikaiweka mwisho ili iwe juu, pa kukalia. Hapo ndipo nilipojionea ujinga wangu. Zipu ya takia iko chini, kwa hiyo unalijaza likiwa limelala kichwa chini: kinachotangulia kuingia ndicho kitakachokaliwa. Nilipoligeuza, ulaini wote ulikuwa sakafuni, na juu ya ngozi ukaonekana mshono wa suruali, na kifungo kimoja.

Mara ya tatu nikageuza mpango. Nguo nilizianika siku nzima, kwa sababu unyevu wetu wa pwani ukifungiwa ndani ya ngozi unazaa kuvu. Ngozi yenyewe nikaiacha kivulini, jua linaipasua. Vifungo na zipu za suruali nilivikata vyote. Chini kabisa nikatandaza sufi, unene wa kiganja. Kisha blanketi: nikalisokota, nikalizungusha kama ngata na kulibana kwenye ukuta wa takia, ngata juu ya ngata, tatu. Kazi yote iko hapa. Ukianza na katikati, nguo zinajikusanya kuwa mpira, pembeni panabaki mikunjo, na hakuna mkono utakaofika tena kuinyoosha. Ngata zikishashika ukuta, shimo la katikati nikalishindilia nguo zilizokunjwa bapa, nikisukuma kwa mwiko wa ugali. Magazeti nilishauriwa, nikakataa: yanalia kila ukikaa, na mende wanayapenda.

Kufunga kunataka watu wawili. Zipu isifanywe ndiyo ya kubana. Mmoja akandamize kwa goti na kuzikutanisha kingo kwa mikono, mwingine aivute polepole. Zipu ikivutwa kwa nguvu, mshono wa mkono ulio kando yake ndio unaotangulia kuachia.

Lilipofungwa lilikuwa na kilo 12, nami nikalipiga makofi ubavuni huku nikilizungusha mpaka likawa duara. Wiki mbili baadaye lilizama kwa upana wa vidole viwili. Hilo nilikuwa nalitarajia, kwani ngozi mpya hutanuka. Nikafungua zipu kidogo, nikapenyeza mashati manne, yote pembeni, kati ya ngata na katikati. Limebaki kunjo moja upande wa mlangoni, nililoligundua nikiwa nimeshafunga. Upande huo nimeuelekeza ukutani.