Mizani ya Watunza Nasaba

Katika fani ambazo wanadamu huzitumia sana na kuzisifu kidogo, imo fani ya kutunza nasaba. Kwani malenga husifiwa hadharani, na seremala huonyeshwa mlango alioutengeneza, lakini mzee ajuaye nani alizaliwa na nani, na ukoo upi ulihama lini na kwa sababu gani, hutafutwa siku ya mashauri ya ndoa na siku ya kugawa urithi, kisha husahauliwa mpaka haja nyingine itokee. Fani hiyo ndiyo nitakayo kuisifu hapa, kama ilivyo katika nchi ya Kajiado, kuanzia nyanda za Kitengela walikokaa Wamaasai wa Ilkaputiei hadi malisho ya wenzao wa Ilmatapato na Ilkisonko upande wa mpaka wa Tanzania. Nami naisifu si kwa ajili ya wingi wa majina yaliyomo kichwani mwa mzee mmoja, bali kwa ajili ya mashahidi wanaomzunguka mzee huyo.

Udhaifu wa kumtegemea mtu mmoja ulijulikana hata na mataifa yaliyotumia kalamu. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, alipoamuru kila parokia ya Uingereza iandike ubatizo, ndoa na maziko, hakuiacha kazi hiyo mikononi mwa kasisi peke yake: daftari liliandikwa siku ya Jumapili mbele ya mzee wa kanisa, likafungiwa katika sanduku la kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa kasisi na wa pili kwa wazee, na tangu 1598 nakala yake ilipelekwa kwa askofu kila mwaka. Watu wa pwani yetu nao waliandika: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyepata kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitunga tarehe ya Mazrui wa Mombasa, na habari za masultani wa Pate zilihifadhiwa kwa hati. Bara ya Wamaasai haikuwa na hati wala sanduku, lakini ilikuwa na mizani.

Mizani hiyo ni rika. Mzee wa Kajiado hana haja ya kusema kwamba babu yake alizaliwa mwaka fulani. Husema alikuwa wa rika fulani, wa mkono wa kuume au wa kushoto, kwa maana vijana hutahiriwa kwa mafungu mawili kabla ya kuunganishwa chini ya jina moja katika sherehe ya Olng'esherr, inayowatoa katika umorani na kuwaingiza katika uzee. Kwa kuwa rika hufuata rika kila baada ya miaka kumi na mitano hivi, kama vile Iltalala, Iltuati, Iltareto, Ilterito, Ilnyangusi, Ilseuri na waliowafuata, maisha ya mtu yaweza kuwekwa mahali pake pasipo karatasi yoyote. Atajwapo Iltalala, hukumbukwa mara moja Emutai, ile miaka ya mwisho wa karne ya 19 ambapo homa ya mapafu na sotoka ziliangamiza ng'ombe na ndui ikawafuata watu. Kisha yakaja mapatano ya 1904, yaliyowatoa Wamaasai katika Bonde la Ufa, na ya 1911, yaliyowatoa Laikipia na kuwasukuma kusini. Mwaka 1956 Henry Fosbrooke alichapisha makala ya kuonyesha kwamba mfuatano wa marika wafaa kuwa mwongozo wa tarehe. Wazee walikwisha kuutumia hivyo zamani, bila kungoja makala.

Lakini ubora wa rika si kuhesabu miaka tu, bali ni kuzuia uongo. Mtu akidai kwamba baba yake alikuwa Ilterito, wapo wana rika waliokula naye nyama porini, wapo wazee wa rika la pili juu yao waliowawashia moto na kuwalea, na ipo chapa ya ukoo juu ya ngozi ya ng'ombe. Na riwaya isiyopatana na mashahidi hao huanguka papo hapo chini ya mti, mbele ya kadamnasi. Akina mama nao wana sehemu yao ya elimu hii, maana ng'ombe hugawiwa nyumba ya kila mke na wana hurithi kwa nyumba ya mama yao, hata aliyemsahau bibi yake atakuwa amesahau asili ya mali yake.

Sheria za ardhi za 1968 zilileta daftari la namna nyingine. Ranchi za vikundi ziliandikishwa, na kila moja ikawa na orodha ya wanachama, aghalabu wanaume wakuu wa kaya. Na ambaye jina lake halikuingia, awe mjane, binti au kijana, alibaki nje ya karatasi ijapokuwa alikuwa ndani ya boma. Ranchi ya Kitengela ilipogawanywa mwaka 1988, orodha ilizaa hatimiliki, hatimiliki zikazaa viwanja, na viwanja vikazaa mji ambao sensa ya 2019 iliukuta na watu zaidi ya 150,000. Siilaumu kalamu, kwani bila karatasi wengi wangalinyang'anywa hata walichopata; nasema tu kwamba daftari lile lilishika majina likaacha uhusiano, na kosa likishaandikwa na kupigwa mhuri halikosolewi chini ya mti, bali mahakamani, kwa gharama.

Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza sherehe tatu za marika ya Wamaasai, Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, katika orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa haraka, na mwaka 2020 maelfu ya morani walikusanyika katika vilima vya Maparasha, Kajiado, wakawa wazee. Rika basi lingali hai, na wajuao wangali miongoni mwetu. Ewe msomaji, uwe mwenyeji wa Kitengela au mhamiaji uliyejenga juu ya kiwanja cha juzi, chukua daftari uandike nasaba ya baba zako na ya mama zako. Na ukisha kuandika usilifungie, bali wasomee wazee kwa sauti, wake kwa waume, mbele ya watu, ukifute watakachokikataa na kuongeza watakachokukumbusha. Nasaba isiyosomwa mbele ya mashahidi ni dai la mtu mmoja tu.