Kumuonya Ndugu: Mawazo juu ya Kitabu cha Padri Tempels

Tumesoma tena kitabu cha Padri Placide Tempels, Mufransiskani, juu ya filozofia ya Wabantu, kilichochapwa Elisabethville (leo Lubumbashi) mwaka 1945. Wengi wanakisoma juu ya fundisho lake la nguvu ya uzima. Sisi hapa Kamatanda tumekisoma kwa kutafuta jambo moja: kinatusaidia namna gani kumurudisha mukristu mwenzetu aliyekosa?

Kinatusaidia kweli. Tempels, aliyekaa kati ya Baluba wa Katanga, anaeleza kwamba kwao kosa ni kupunguza uzima wa mutu. Kwa hiyo malipo hayapimwi kwa bei ya kitu kilichopotea. Yanapimwa kwa jeraha la mwenyewe, na kazi yake ni kurudisha uzima. Tuseme mununuzi mukristu amewapunja wachimbaji kwa muzani. Akirudisha franka tu, hajamaliza, kwani mwenzake alirudi nyumbani mikono mitupu, akadharauliwa na watoto wake mwenyewe. Lazima aende kwake, aketi naye, aombe musamaha. Lakini sisi tukitangaza jina la mununuzi huyo mulangoni mwa kanisa, tunaongeza jeraha la pili juu ya lile la kwanza. Tumeponya nini?

Hata hivyo kitabu kina upungufu. Kinaonyesha uzima unaoshuka kwa daraja, toka kwa mababu mpaka kwa wakubwa, toka kwa wakubwa mpaka kwa wadogo. Kwa utaratibu huo mukubwa anamuonya mudogo. Na mukubwa akikosa, nani atamuonya? Katika Injili ya Matayo, sura ya 18, Bwana Yezu haulizi nani ni mukubwa. Anasema «ndugu». Anatutuma kwanza kwake, sisi wawili peke yetu. Akikataa, tuchukue mutu mumoja ao wawili. Eklezia inakuja nyuma. Na Mutakatifu Paulo, aliyeitwa nyuma ya wengine, alimuonya Petro kule Antiokia mbele ya watu, kwani kosa lenyewe lilikuwa mbele ya watu.

Upungufu wa pili: Tempels alifikiri kwamba Wabantu hawawezi kupanga wenyewe mafundisho ya filozofia yao, Wazungu ndio watawapangia. Padri Alexis Kagame wa Rwanda alijibu mwaka 1956. Hakujibu kwa matusi. Alishika lugha yake, Kinyarwanda, akaipima neno kwa neno, akaonyesha namna watu wake wanavyofikiri. Hilo ndilo onyo la ndugu: linaleta kweli, halileti haya.

Na Tempels mwenyewe aligeuka. Toka mwaka 1953, kule Kolwezi, aliketi na wafanyakazi wa migodi na wake zao, akasikiliza kwanza. Ndipo Jamaa ilipozaliwa. Hatusemi Jamaa haikuwa na makosa. Vikundi vingine vilijifunga katika siri, na maaskofu wakalazimika kuvionya. Lakini mwalimu aliyekubali kufundishwa na wale aliowafundisha ametuachia mufano kupita kitabu chake.

Basi, ndugu, kabla ya kubisha hodi kwa mwenzako aliyeanguka, ujiulize: ninataka arudi, ao ninataka watu wajue kwamba mimi sikuanguka? Kama ni la pili, ubaki nyumbani, uanze kujionya mwenyewe.