Michael Kremer na Shule za Busia

Msomaji, hapana shaka umepata kusikia ikisemwa kwamba watoto wa mashambani hushindwa mitihani kwa sababu hawana vitabu. Neno hilo lina sura ya kweli, na wafadhili wengi wamelifuata bila kulipima. Michael Kremer, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1964, alipata kufundisha shule moja ya Kakamega katika ujana wake, akarudi miaka kadhaa baadaye akiwa mwanachuoni wa uchumi. Neno hilo aliliweka katika mizani.

Shirika la hisani la Kiholanzi lilikusudia kutoa vitabu katika Busia na Teso. Shule 100 zilichaguliwa, lakini 25 tu ndizo zilizopewa vitabu mwaka 1996. Zilizotangulia hazikutangulizwa kwa upendeleo wala kwa uhodari. Kwa hiyo kama zingaliwapita wenzao, sifa ingalikuwa ya vitabu. Hazikuwapita. Matokeo, aliyoyatangaza pamoja na Paul Glewwe na Sylvie Moulin mwaka 2009, yalionyesha kwamba waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa mbele tangu mwanzo. Wengine walibaki pale pale, maana vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, nacho kwa wengi wao ni lugha ya tatu.

Utasema, na mimi nilisema hivyo niliposoma mara ya kwanza, kwamba mwalimu yeyote wa darasa la nne angaliweza kumwambia jambo hilo bure, kwa kikombe cha chai. Ni kweli. Lakini walimu walikuwa wamelisema miaka mingi, na nani aliyewasikiliza? Hesabu za Kremer zilisikilizwa. Siwezi kumlaumu yeye kwa jambo hilo, wala siwezi kulifurahia. Ninalomsifia ni hili: aliyekwenda na tumaini na kulikuta tupu, akaliandika tupu.

Kazi yake iliyovuma zaidi ni ile ya dawa za minyoo, aliyoifanya na Edward Miguel na kuichapisha mwaka 2004. Shule 75 zenye watoto zaidi ya 30,000 ziligawanywa mafungu matatu: la kwanza lilianza dawa mwaka 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Utoro ulipungua kwa robo, na hata watoto wasiomeza dawa walipata nafuu, kwa kuwa mayai ya minyoo yalipungua katika udongo wanaoukanyaga wote. Alama za mitihani, hata hivyo, hazikupanda.

Hapa nina shauri na mwanachuoni huyu. Watetezi wake husema kwamba dawa hazikutosha wote kwa mara moja, na kwamba mtu wa kungoja hakukosekana. Nakubali nusu ya jibu hilo. Mtoto wa fungu la tatu, aliyekuwa na minyoo tumboni mwaka 1998, alingoja miaka mitatu, na kungoja kwake ndiko kulikoipa kazi hiyo thamani. Mtu akifaidika kwa subira ya mwingine ana deni. Tena, mwaka 2015 wataalamu wengine walizikagua hesabu wakaona makosa. Nafuu iliyodaiwa kufika shule za mbali ilipungua sana. Heri kwamba wenyewe walizitoa takwimu zao zikaguliwe. Mwaka 2021 wao na wenzao walionyesha kwamba waliopata dawa kwa muda mrefu zaidi walichuma kama asilimia 13 zaidi kwa saa, miaka ishirini baadaye.

Mwaka 2019 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Mizani yao hupima kidonge, kitabu na chemchemi; bei ya miwa na sheria ya ardhi haziingii ndani yake, kwa kuwa wilaya moja haiwezi kupewa sheria na nyingine ikanyimwa kwa kura.

Kwangu mimi, kazi yake bora ni ya mbolea, aliyoitoa mwaka 2011 pamoja na Duflo na Jonathan Robinson. Wakulima wa Busia walikuwa na fedha wakati wa mavuno. Msimu wa kupanda ulipofika zilikwisha. Basi walifuatwa nyumbani mara baada ya kuvuna, wakauziwa mbolea kwa bei ya dukani na kuletewa bila malipo ya uchukuzi. Wengi zaidi walinunua. Safari hii hakuna aliyewaita wavivu wala wajinga.