Chaki Mezani

Ukipita nje ya darasa lolote la shule ya msingi hapa Tanzania hutakosa kusikia kibwagizo hiki: "Mmeelewa?" "Ndiyo, mwalimuuu!" Nimekiitikia miaka saba nikiwa mwanafunzi, na nilipokwenda mazoezi ya kufundisha nikawa mwenye kukianzisha. Jibu lile nililiamini kabisa. Jioni, madaftari yakiwa mbele yangu, kalamu nyekundu ilinisuta.

Mwalimu niliyewekwa chini yake, mama wa makamo aliyekuwa na hisabati ya darasa la tatu, hakuuliza swali hilo hata mara moja. Siku moja alimwita mtoto ubaoni atoe 27 katika 52. Mtoto akapanga vizuri, makumi chini ya makumi, mamoja chini ya mamoja, akaandika 35. Aliyewahi kufundisha madarasa ya chini analijua kosa hili: saba haitoki katika mbili, basi mtoto anageuza, anatoa mbili katika saba, maisha yanaendelea. Nilikuwa nimekaa dawati la nyuma. Nikainuka nusu. Chaki ilikuwa mezani na mkono ulikuwa ukiniwasha. Mwalimu akanitupia jicho, nikakaa.

"Haya, umefikaje hapo?"

Sauti ilikuwa ile ile aliyoitumia pale mtoto alipopata jibu sahihi. Hilo si dogo. Mtoto husoma sauti ya mwalimu kabla hajaijua herufi a; mwulize "Una hakika?" kwa namna fulani tu, atafuta jibu hata likiwa sahihi. Huyu akaeleza hesabu yake kwa kujiamini. Vidole vikanyooka darasa zima, "Mimi, mwalimu! Mimi!" Mwalimu akaviteremsha kwa kiganja, akamsogezea mtoto vijiti: mabunda matano ya kumikumi yaliyofungwa kwa mpira, na viwili pembeni.

"Nitolee ishirini na saba."

Mabunda mawili yakatoka upesi. Yakabaki matatu, na vijiti viwili, na saba bado inadaiwa. Mtoto akasimama. Darasa likasimama naye. Kwangu mimi kimya kile kilikuwa kirefu kama kipindi kizima, na mwalimu alikuwa akitazama dirishani, kana kwamba kuna mtu anamngoja huko. Mara mtoto akavuta mpira wa bunda moja, vijiti vikamwagika. Akahesabu saba, akaviweka kando. Akatazama mezani, akatazama ubaoni, akachukua dasta bila kutumwa.

Tunawasifu walimu wanaoeleza vizuri, na wanastahili. Ufundi huu wa kushika ulimi, nao, hauna msifu, labda kwa sababu mkaguzi akiingia darasani hauoni. Atamwona mwalimu anayetazama dirishani.

Wala kumwachia mtoto nafasi ya kujifunza mwenyewe si jambo geni kwetu. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, mtoto amezoea kuwa na somo lake: huyu bado yuko kwenye alifu, jirani yake yuko surani, na wakubwa huwasikiliza wadogo. Na Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea cha mwaka 1967, alitaka shule imjengee mtoto akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuchagua kinachomfaa, na kujiamini. Sisi tukakumbuka shamba la shule alilolitaka humo humo. Jembe tulilipokea kwa mikono miwili. Udadisi ukabaki kwenye kijitabu.

Nilimwambia mwalimu mwenyeji wangu kwamba kwa mwendo huu silabasi haitaisha, na watoto wanasubiriwa na upimaji wa darasa la nne. Akanijibu, "Nikishaimaliza mimi, wao watakuwa wamefika wapi?" Lakini hakuwa mtu wa ndoto. Sera inasema watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Yeye alikuwa na zaidi ya sitini, na vijiti havikuwatosha. Alichokuwa nacho ni desturi ya pambizoni. Kabla ya kukusanya madaftari, kila mtoto alipitia kazi yake na kuweka nukta palipo na uhakika, alama ya kuuliza palipo na shaka. Yeye alianza kusahihisha penye shaka. Wiki za mwanzo kulikuwa na nukta tupu, kwa woga. Mwezi wa pili alinifunulia daftari moja lenye alama ya kuuliza kando ya jibu sahihi, na chini yake, kwa penseli: "Nimepata lakini sijui kwa nini." Alilishika daftari lile kama mtu aliyeletewa zawadi.

Wiki ya mwisho aliniachia darasa. Nikamwita mtoto ubaoni, 43 kutoa 18, akakwama. Nikajifunga mikono nyuma, nikatazama dirishani, nikahesabu moyoni. Nilifika sita. Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Azima kumi hapo jirani," na darasa zima likaitikia, ndiyo, wameelewa.