Nafasi ya Peter Norman
Sanamu iliyozinduliwa mwaka 2005 katika Chuo Kikuu cha San José State, Marekani, yawatukuza Tommie Smith na John Carlos, wanariadha wa chuo hicho walioinua ngumi katika Olimpiki ya Mexico, 1968 (ile ile ambayo Akhwari wa Tanzania alimaliza marathoni akichechemea). Msanii, Rigo 23, aliwaonyesha bila viatu, kama walivyosimama kuashiria umaskini wa watu weusi. Walakini mahali pa mshindi wa pili ni patupu. Norman wa Australia ndiye aliyetaka hivyo, ili mtazamaji apande asimame nao. Ubora wa kazi umo katika utupu huo, na dosari yake pia: apandaye huinua ngumi apigwe picha, hali Norman alisimama mikono chini, beji yao ya haki za binadamu kifuani. Alifariki mwaka 2006. Bunge la kwao lilimwomba radhi mwaka 2012.