Uhakiki wa Sitiari ya Kamba katika Ufafanuzi wa Hali Fungamani za Kwaki Nzito kwa Kiswahili

Uhakiki huu unachunguza sitiari mbili zinazoweza kutumiwa kueleza kwa Kiswahili hali fungamani za kwaki nzito, yaani chembe zinazoundwa na kwaki pamoja na antikwaki yake. Ya kwanza ni ya jua na sayari, iliyorithiwa kutoka katika ufafanuzi wa atomi. Ya pili ni ya kamba. Msomaji anayezingatiwa ni mwanafunzi wa Kumsenga, katika nyanda za juu za Kigoma, anayezungumza Kiha nyumbani, anayefundishwa sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, kisha anayekutana na fizikia kwa Kiingereza aingiapo sekondari. Kwa msomaji huyo sitiari si pambo la maelezo. Ikiwa na kasoro, humpotosha kabla hajaifikia milinganyo.

Hali hizo zilidhihirika Novemba 1974, makundi mawili, la Samuel Ting huko Brookhaven na la Burton Richter huko Stanford, yalipotangaza chembe ya J/psi yenye masi ya 3.097 GeV, zaidi ya mara tatu ya masi ya protoni. Mwaka 1977 kundi la Leon Lederman huko Fermilab liligundua upsiloni, yenye masi ya 9.46 GeV. Kwa kuwa kwaki hizo ni nzito, mwendo wake ndani ya chembe ni wa polepole kiasi ukilinganishwa na kasi ya nuru. Hivyo, mlinganyo wa Schrödinger unaotumika kwa atomi ya haidrojeni hutoa makadirio mazuri hapa pia.

Sitiari ya sayari inapata uhalali wake hapo, lakini uhalali huo una mpaka. Elektroni ikivutwa mbali na kiini, kani inayoishika hupungua hata ikaponyoka. Kwaki hazina tabia hiyo. Zikitengana, kani hufikia kiwango kisichopungua tena, takriban sawa na uzito wa tani 15. Mwanafunzi aliyefunzwa kwa sayari pekee atatarajia kwaki iliyo huru, ambayo haijapata kuonekana.

Sitiari ya kamba inaziba pengo hilo. Methali isemayo kuwa mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake haihitaji tafsiri kwa mtoto aliyewahi kufunga mbuzi malishoni. Hata hivyo, methali hii nayo inaachana na fizikia katika mambo matatu. Kwanza, kamba ya mbuzi hulegea karibu na kigingi, ilhali kwaki zilizokaribiana bado huvutana kwa namna inayofanana na chaji za umeme. Pili, kamba ya mbuzi ina urefu maalumu, bali ya kwaki hurefuka na kuongeza nishati kila inaporefuka. Tatu, kamba ikikatika mbuzi huwa huru. Ya kwaki ikikatika, nishati yake huzaa kwaki na antikwaki nyepesi, na kila upande hupata mwenzi mpya. Kwa kwaki za J/psi, mkatiko huo huhitaji takriban 3.73 GeV. J/psi iko chini ya kiwango hicho, na hiyo ni sababu mojawapo ya kudumu kwake kuliko ilivyotarajiwa kwa chembe nzito kiasi hicho.

Aidha, methali hii imezoeleka kuelezea mtu anayejinufaisha kwa kadiri ya cheo chake. Maana hiyo yafaa itengwe mapema darasani.

Kwa kuhitimisha, sitiari ya kamba inafaa kuliko ya sayari kwa sharti kwamba ifundishwe pamoja na mahali inapokatikia. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) ilionesha kuwa istilahi za sayansi zinaweza kusanifiwa kwa Kiswahili. Istilahi pekee hazitoshi: mwanafunzi wa Kumsenga anahitaji pia maelezo yaliyohakikiwa kwa ukali uleule unaotumika kuhakiki hesabu zake.