Tovuti ya Habari Inavyopimwa Kiwanja

Mtu wa Kiwanja akifungua tovuti ya habari, mara nyingi anatafuta jambo moja: barabara ikoje leo? Mji wetu uko kama kilomita 70 kaskazini mwa Goma, pale njia ya Ishasha inapoachana na ile ya Kanyabayonga, na kila upande kuna mizigo na ndugu walio safarini. Ndiyo maana tovuti naipima kwanza kwa tarehe. Rangi na picha hufuata baadaye sana.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya Radio Okapi, redio iliyoanza tarehe 25 Februari 2002 kwa ushirikiano wa ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo na Fondation Hirondelle ya Uswisi. Itazame anwani ya habari yake yoyote. Baada ya jina la tovuti unakuja mwaka, mwezi, siku, kisha fungu la habari, na mwisho maneno ya kichwa chenyewe. Mtu akikutumia linki kwa WhatsApp, kabla hujala hata mega moja umeshajua kama habari ni ya leo au ni ya 2022/10/29, siku waasi wa M23 walipouteka mji huu. Mahali ambapo habari ya zamani ikirushwa upya huweza kuwafanya watu wafunge mizigo usiku, huo ni ufundi wa hali ya juu, na sijui kwa nini wengine hawauigi.

Ukiifungua habari yenyewe, karibu na kichwa unakuta siku na saa ilipochapishwa, kisha siku na saa iliporekebishwa. Dai zote mbili. Tovuti inayobadilisha idadi ya waliokufa kimyakimya, bila kuonyesha kwamba habari imeguswa, usiipe alama hata kama imepambwa vipi. Angalia pia saa hiyo ni ya wapi. Kinshasa iko saa moja nyuma ya Kivu, na kwa mtu anayesubiri gari saa hiyo moja ni kubwa.

Kisha soma vichwa. Kichwa kizuri kinaanza na mahali: Rutshuru, Masisi, Beni. Kinachosema tu «Mashariki mwa Kongo» kimeandikwa kwa ajili ya msomaji aliye mbali. Ukipitisha macho kwenye ukurasa wa mbele bila kubonyeza chochote, uwe umeshajua yanayokuhusu.

Uzito wa ukurasa upime jioni, mtandao unapolegea. Kinachotokea kwanza kiwe maandishi. Picha kubwa na video zinazojianzisha zenyewe zinakula mega za msomaji bila kumwomba ruhusa, na huko ni kumkosea heshima. Hata matajiri wanalijua hilo: mwaka 2017, kimbunga Irma kilipoikaribia Florida, CNN iliwapa wasomaji ukurasa wa maandishi matupu ili habari ipite hata kwenye mtandao dhaifu. Sauti je? Iwepo, lakini ingoje kubonyezwa. Okapi huweka mahojiano yake hivyo, chini ya maandishi, na anayetaka kusikiliza anasikiliza.

Mengine, kama menyu na kisanduku cha kutafutia, yapite haraka: yakifanya kazi kwa kidole gumba kimoja kwenye simu ndogo, yanatosha.

Penye kasoro ni lugha. Hewani Okapi inasema nasi Kiswahili, pamoja na Kifaransa, Lingala, Kikongo na Tshiluba, lakini kwenye tovuti habari zinaandikwa kwa Kifaransa. Mama anayeuza maharagwe sokoni anaisikia redio vizuri, ila linki ikimfikia lazima atafute mtoto wa shule amsomee. Kwangu hiyo inaiondolea alama nyingi kuliko kasoro nyingine yoyote. Tunawaomba waanze hata na vichwa tu: habari za Kivu zipewe kichwa cha Kiswahili na mistari miwili ya muhtasari, habari kamili ibaki Kifaransa kwa sasa.